Excel Inapojifunga Unapotuma Faili la Pamoja kwa Barua Pepe

Wiki iliyopita niliitwa katika ofisi moja ya wasafirishaji wa mkonge hapa Tanga. Kila karani wa stoo alipobonyeza kitufe cha kutuma faili la marobota kama kiambatisho, dirisha la Excel liligeuka jeupe, kiduara kikazunguka, kisha programu ikajifunga yenyewe.

"Fundi, intaneti ndiyo mbaya," aliniambia.

"Hapana, dada. Intaneti ikisumbua, barua husubiri kwenye kikasha, haiiangushi Excel."

Excel haitumi barua. Hutengeneza nakala ya muda ya faili, kisha huikabidhi kwa programu ya barua pepe iliyoteuliwa kwenye Windows, kwa njia iitwayo MAPI. Kwa hiyo jaribio langu la kwanza huwa ni kuhifadhi faili, kuifunga Excel, na kuliambatisha faili hilo nikiwa ndani ya programu ya barua yenyewe. Lilikwenda bila tatizo. Nikaifungua Excel kwa amri excel /safe, ambayo huizuia kupakia programu-jalizi (programu ndogo zinazoongezwa ndani ya Excel), na kitufe kilekile kikafanya kazi. Nilizizima zote, nikaziwasha moja moja. Ya tatu, ya zamani ya kuandalia ankara, ndiyo iliyorudisha hitilafu, nami nikaiondoa.

Hata hivyo faili lilikuwa zito mno. Ushiriki wa mtindo wa zamani (Shared Workbook), unaowaruhusu watu kadhaa kulihariri faili moja kwa wakati mmoja, huweka kumbukumbu ya mabadiliko, kwa kawaida ya siku 30, na wao walikuwa wameuongeza muda huo hadi siku 365. Dawa ni kuondoa ushiriki, lakini hapa naomba tahadhari ya kweli: ukiuondoa, kumbukumbu yote hufutika, na mwenzako aliyekuwa amelifungua faili hataweza kuhifadhi alichoandika. Robota moja la mkonge ni kilo 250. Tarakimu moja ikibadilishwa, pengo la mzigo ni kubwa, na mara nyingi kumbukumbu hiyo ndiyo pekee inayoonyesha nani alibadilisha na lini.

Kwa sababu hiyo tuliwataka wenzake wafunge faili, tukatunza nakala, kisha nikamwonyesha namna ya kuorodhesha mabadiliko yote kwenye laha mpya. Aliichapa, akaitoboa, akaipanga kwenye jalada la mwezi huo. Ndipo tukaondoa ushiriki.