Je, wajua ni kwa nini manowari, yaani meli za kivita, huachiwa vyumba vitupu ubavuni?

Ukiutazama mchoro wa manowari kubwa ya zama za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ile michoro inayoonyesha meli imekatwa katikati, utakuta jambo la kushangaza. Usawa wa maji, ubavu umefunikwa kwa chuma kinene cha sentimita 30 na zaidi. Chini yake, mahali hasa ambapo topido, silaha ya baruti inayojiendesha chini ya maji, hupiga, bamba la nje ni jembamba, na nyuma yake kuna chumba kisichowekwa kitu chochote. Nyuma ya chumba hicho kuna kingine, kisha kingine tena. Kwa nini mjenzi aache uwazi pale penye hatari kubwa kuliko kwingine kote?

Jibu linaanzia kwenye maji yenyewe. Kombora la mzinga likilipuka juu ya ubavu wa meli, sehemu kubwa ya nguvu yake hupotea hewani, kwa sababu hewa husogea na hubanika. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, na karibu hayabanwi kabisa. Baruti ikilipuka ndani yake, gesi ya moto hutafuta pa kutokea. Upande mmoja ina bahari nzima isiyosogea kirahisi; upande wa pili ina bamba la chuma lenye hewa nyuma yake. Gesi hupita palipo rahisi, nayo ni kwenye bamba.

Kuongeza unene wa bamba hakusaidii sana. Chuma kinene kisichopinda hupasuka, na vipande vyake hurushwa ndani kwa kasi, vikatoboa kila kilicho nyuma. Isitoshe, kuivisha meli chuma kizito kuanzia usawa wa maji hadi mkukuni, kwenye uti wa mgongo wa meli ulio chini kabisa, kungeifanya isielee vizuri wala isikimbie. Ndiyo maana wahandisi wa meli walichukua miaka mingi kujifunza kwamba dhidi ya topido kinga halisi ni nafasi: umbali kati ya mahali pa mlipuko na mahali penye mitambo, baruti na watu.

Mwanzoni hawakuliona hilo. Mwingereza Robert Whitehead alitengeneza topido ya kwanza iliyojiendesha yenyewe chini ya maji huko Fiume, mji ambao leo unaitwa Rijeka nchini Kroatia, mwaka 1866. Baada ya hapo, kinga ya mwanzo iliyoenea ilikuwa wavu. Boriti ndefu zilifungwa ubavuni mwa meli, zikafunguliwa kuelekea nje, na wavu wa pete za chuma ukaning'inizwa hadi chini ya maji ili topido ilipukie mbali na mwili wa meli. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, maana tayari lilikuwa na ile hesabu ya umbali. Shida ni kwamba wavu ule ulifaa meli iliyotia nanga tu. Meli ikianza mwendo, wavu huivuta nyuma na kuinuka juu ya maji. Watengenezaji wa topido nao hawakulala: walifunga vikata wavu kwenye pua ya silaha yao.

Tarehe 27 Mei 1915 manowari ya Uingereza Majestic ilikuwa imetia nanga karibu na rasi ya Gallipoli nchini Uturuki, nyavu zikiwa zimeshushwa. Nyambizi (chombo cha vita kinachozama na kusafiri chini ya maji) ya Ujerumani U-21 ilirusha topido iliyopenya wavu huo, na kwa muda usiofika dakika 10 meli ilikuwa imepinduka. Siku mbili kabla, nyambizi hiyohiyo ilikuwa imeizamisha Triumph, ambayo nayo ilikuwa na nyavu zake majini. Kwa meli zenye mwendo, wavu haukuaminiwa tena kama zamani, ingawa uliendelea kutumika kuzungushia bandari.

Waingereza walikuwa tayari wameanza kujaribu njia nyingine. Msanifu mkuu wa meli zao za kivita, Eustace Tennyson d'Eyncourt, alisukuma wazo la kuongeza uvimbe mkubwa nje ya ubavu, chini ya usawa wa maji, ukigawanywa ndani kuwa vyumba vyenye hewa na vyumba vyenye maji. Topido ikigonga, hulipukia kwenye uvimbe, na mwili halisi wa meli unabaki nyuma kwa mita kadhaa. Bertram Hopkinson, profesa wa uhandisi wa Cambridge, alifanya majaribio ya milipuko kwa kutumia vielelezo vidogo ili kujua vyumba hivyo vipangwe vipi. Meli kongwe za aina ya Edgar ndizo zilizovishwa uvimbe mwanzoni. Mbili kati yake, Grafton mwaka 1917 na Edgar mwaka 1918, zilipigwa topido na zikabaki zinaelea. Kwa meli zilizojengwa miaka ya 1890, hilo lilikuwa ushahidi mzito.

Ramillies ilikuwa manowari kubwa ya kwanza kuwekewa uvimbe huo, ikiwa bado haijakamilika kujengwa. Miaka mingi baadaye, tarehe 30 Mei 1942, ikiwa imetia nanga Diego Suarez kule Madagaska, ilipigwa topido na nyambizi ndogo ya Wajapani. Ilijeruhiwa vibaya, lakini haikuzama, na ikapelekwa Durban kwa matengenezo.

Ila uvimbe si hirizi. Manowari ya Uingereza Royal Oak ilikuwa nao pia, na usiku wa tarehe 14 Oktoba 1939 ilizamishwa na topido za nyambizi ya Ujerumani U-47 ndani ya bandari ya Scapa Flow huko Scotland. Zaidi ya watu 830 walikufa. Topido za mwisho zilipiga karibu kwa pamoja, na hakuna kinga ya ubavuni iliyosanifiwa kwa mapigo mfululizo sehemu moja.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuingiza uvimbe ndani ya meli yenyewe na kuufanya tabaka. Hapa Wamarekani walifika mbali, na mfano mzuri ni North Carolina, iliyoanza kazi mwaka 1941. Tuingie kutoka nje. Kwanza kuna uvimbe, mtupu. Kisha vyumba viwili vitupu. Vyumba viwili vinavyofuata vimejazwa mafuta ya meli au maji. Cha mwisho ni kitupu tena, na nyuma yake ndipo maisha ya meli yalipo: boila, injini, ghala za baruti. Katikati ya meli, mpangilio wote huu una upana wa zaidi ya mita 5.

Kila tabaka lina kazi yake. Uwazi wa nje huipa gesi mahali pa kutanuka, na gesi inayotanuka hupoteza msukumo. Mafuta au maji ya tabaka la kati hupunguza kasi ya vipande vya chuma, na husambaza shinikizo juu ya kiambaza kizima, yaani ukuta wa chuma unaotenganisha vyumba, badala ya kuliacha lipige sehemu moja. Viambaza vyenyewe si vinene, tena hutengenezwa kwa chuma kinachopinda sana kabla ya kupasuka, kwa sababu kila kinapopinda kinameza sehemu ya nguvu ya mlipuko. Uwazi wa mwisho huacha kiambaza kivimbe kuelekea ndani bila kukigusa kile cha nyuma yake, na maji yanayovuja huishia hapo.

Mpango huu ulidai nidhamu baharini. Meli inachoma mafuta yake kadiri inavyosafiri, na tangi likiwa tupu, tabaka la kioevu halipo tena. Kwa hiyo mafuta yaliyotumika yalipaswa kuzibwa pengo lake kwa maji ya bahari, kazi ambayo mafundi wa injini hawakuifurahia, maana maji yakichanganyika na mafuta huleta usumbufu kwenye boila.

Mtihani ulikuja tarehe 15 Septemba 1942. Nyambizi ya Japani I-19 ilirusha topido sita. Tatu zilipiga manowari ya kubebea ndege Wasp, ambayo ilizama. Moja iliendelea hadi ikaipata North Carolina upande wa kushoto, kuelekea omo (mbele ya meli), sehemu ambayo matabaka huwa membamba kwa sababu mwili wa meli unaanza kuchongoka. Kinga ilikuwa imesanifiwa kuhimili baruti ya kilo 318. Topido hiyo ilibeba takriban kilo 400. Tundu lilikuwa na urefu wa karibu mita 10 na kimo cha zaidi ya mita 5. Mabaharia watano walikufa. Meli ililalia upande kwa nyuzi 5 na nusu, ikanyooshwa ndani ya dakika chache, na ikaendelea kukimbia zaidi ya kilomita 45 kwa saa. Kwangu mimi, huu ndio ushahidi bora kabisa kwamba vyumba vile vilifanya kazi: vilipigwa kupita kipimo chao, tena mahali pabaya, na meli ikaondoka kwa nguvu zake yenyewe.

Wengine walijaribu njia tofauti. Mtaliano Umberto Pugliese aliweka bomba kubwa tupu, kipenyo chake karibu mita 4, ndani ya nafasi iliyojaa kioevu, akitarajia bomba lisagike na kumeza mlipuko. Udhaifu ukawa kwenye viungio vya kiambaza cha ndani, vilivyoachia kabla bomba halijasagika ipasavyo. Littorio, manowari ya Italia iliyokuwa na mfumo huo, ilipigwa topido tatu usiku wa tarehe 11 Novemba 1940 kwenye bandari ya Taranto na baadaye ikarudi kazini. Pugliese mwenyewe alikuwa ameshafukuzwa jeshini mwaka 1938 kwa kuwa Myahudi. Baada ya shambulio hilo wakamwita arudi awasaidie kuziinua meli. Wajapani nao, kwenye manowari yao kubwa Yamato, waliunganisha vibaya chuma kinene cha juu na kile cha chini. Topido iliyoipiga Desemba 1943 ilikisukuma kiungio hicho ndani, na maji ya takriban tani 3,000 yakaingia.

Kuna sehemu ambazo matabaka hayawezi kufika. Tezi, yaani nyuma ya meli, ni nyembamba, na ndiko zilipo rafadha (panga zinazozunguka kuisukuma meli) na usukani. Tarehe 10 Desemba 1941, topido ya ndege ya Wajapani ilipiga manowari ya Uingereza Prince of Wales karibu na mhimili wa rafadha ya nje, upande wa kushoto. Mhimili uliopinda ukaendelea kuzunguka, ukararua kila kizibo kwenye viambaza ulimopita, na ndani ya dakika chache maji yakaingia kwenye chumba cha injini na umeme wa sehemu kubwa ya meli ukakatika. Pampu bila umeme hazina kazi. Miezi michache kabla, Bismarck ya Wajerumani ilipigwa kwenye usukani. Ikabaki inazunguka, na kesho yake ikazamishwa.

Tena kuna hatari ambayo wengi huisahau: kuinama. Vyumba virefu vya ubavuni vikijaa maji upande mmoja, uzito wote unaegemea huko. Lusitania, meli ya abiria, ilikuwa na ghala za makaa ya mawe zilizotandaa ubavuni. Ilipopigwa topido tarehe 7 Mei 1915, ililala upande wa kulia haraka kiasi kwamba mashua nyingi za uokozi za upande wa pili hazikuweza kushushwa. Ilizama kwa dakika 18, na karibu watu 1,200 walikufa. Kwa sababu hiyo manowari ziliwekewa njia ya kuingiza maji kwa makusudi upande ulio mzima ili meli isimame wima. Marubani wa Marekani walilijua hilo: walipoishambulia Yamato Aprili 1945, walielekeza topido nyingi upande wa kushoto, hadi upande wa pili hapakuwa na nafasi ya kutosha ya kusawazisha.

Lakini kilichozima kabisa mashindano ya ubavu na topido ni kupita chini. Chuma cha meli hubadilisha sumaku ya dunia mahali kilipo, na fyuzi, kile kifaa kinachowasha baruti ya topido, inaweza kutambua badiliko hilo. Fyuzi za mwanzo ziliwaangusha wenyewe: za Wajerumani zilishindwa vibaya Norwei mwaka 1940, na Wamarekani walianza kuzima za kwao mwaka 1943. Leo zinafanya kazi. Topido hulipuka mita chache chini ya mkuku, na kiputo kikubwa cha gesi huinyanyua meli katikati. Kisha kiputo kinasinyaa, na meli inabaki bila maji ya kuishikilia pale katikati. Mkuku huvunjika kama ukuni gotini, na vyumba vya ubavuni havina la kufanya.

Mwaka 1999 Australia ilirusha topido moja ya Mark 48 chini ya manowari yake iliyostaafu, Torrens. Katika picha zilizopigwa, meli inanyanyuka katikati, inakatika, na tezi inaanza kuzama peke yake. Manowari ya Korea Kusini Cheonan ilikatika vipande viwili tarehe 26 Machi 2010, mabaharia 46 wakafa. Uchunguzi ulioshirikisha wataalamu wa nchi kadhaa ulisema ni topido ya Korea Kaskazini iliyolipuka chini yake.

Kwa hiyo manowari nyingi za leo hazitegemei ubavu. Hukokota chambo nyuma yao, kifaa kinachotoa sauti inayofanana na ya meli ili topido ikifuate. Hutuma helikopta kuisaka nyambizi kabla haijakaribia. Mitambo yake huwekwa juu ya springi na mipira ili mshtuko usiivunje. Wamarekani walijaribu pia topido ndogo za kuzipiga topido, wakazifunga kwenye baadhi ya manowari za kubebea ndege, kisha mwaka 2018 wakausimamisha mradi huo.

Manowari hizo za kubebea ndege ndizo ambazo bado zinabeba matabaka ubavuni, kwa kuwa ni pana vya kutosha kuyapa nafasi. Mwaka 2005 Marekani iliichukua moja iliyostaafu, America, ikailipua kwa majaribio ya wiki karibu nne katika Atlantiki kabla ya kuizamisha, ili kupata vipimo vya kusanifia zile mpya.