Umaskini haupimwi kwa mshahara

"Sina mshahara, basi kwenye takwimu nimeshahesabiwa maskini." Kauli hii husikika sana Tanzania, na si sahihi.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima matumizi, si mshahara. Kaya huandika kwenye shajara kila inachotumia. Hata mahindi yaliyotoka shambani kwake, ambayo hakuna aliyeyanunua, hutiwa thamani ya shilingi na kuhesabiwa. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Mkulima hushika fedha baada ya mavuno, kisha miezi mingi hashiki kitu. Ukimuuliza kipato chake kabla ya mavuno utamwona fukara, ukimuuliza baada ya kuuza utamwona tajiri, ilhali chungu chake jikoni hakibadiliki kiasi hicho.

Katika utafiti wake wa matumizi ya kaya wa 2017/18, mstari wa mahitaji ya msingi, yaani kiasi ambacho anayetumia chini yake huhesabiwa maskini, ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi (mtoto huhesabiwa kama sehemu tu ya mtu mzima), na asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini yake. Hizo ni kama shilingi 1,640 kwa siku. Aliyetumia 1,700 wakati huo hakuhesabiwa maskini, lakini ugonjwa mmoja tu ulitosha kumshusha chini ya mstari.