Je, wajua kwa nini marathoni ya Boston haimpi tena mtu namba 261?

Habari ya namba hiyo niliulizwa na mpwa wangu wa kidato cha pili, Jumamosi moja asubuhi, tumekaa kivulini baada ya kukimbia ufukweni Shangani, hapa Mtwara. Alikuwa ameona kwenye simu picha ya mama mtu mzima aliyejiandika 261 mkononi kabla ya mbio.

"Mjomba, hii ndiyo nini? Namba ya bahati?"

Ni namba ya kifuani aliyoivaa binti wa miaka 20, Kathrine Switzer, kwenye marathoni ya Boston, Marekani, tarehe 19 Aprili 1967. Watanzania tunaijua Boston kwa ajili ya Juma Ikangaa, aliyeshika nafasi ya pili mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990. Switzer alifika huko miongo miwili kabla yake, na hakutakiwa.

Marathoni ni kilomita 42.195. Kwa kipimo cha kwetu, kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10: nenda, rudi, nenda tena, rudi tena, na bado unadaiwa mbili na ushee. Wakubwa wa riadha waliamini mwanamke hawezi safari hiyo. Wapo waliosema mji wa mimba utashuka, ataota ndevu. Olimpiki ya 1928 wanawake walikimbia mita 800, ikasemwa wamemaliza hoi kupita kiasi, mbio hizo zikaondolewa mpaka 1960.

Mpwa wangu alicheka, akamtaja bibi yake. Bibi amekulia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, enzi ambazo maji yalikuwa chini bondeni. Wanawake walishuka mteremko, wakaupanda tena na mtungi kichwani, wengine na mtoto mgongoni. Mji wao wa mimba hakuna aliyeuonea huruma. Mimi nasema hofu ile haikuwa ya mwili hata kidogo.

"Sasa aliingiaje?"

Kitabu cha kanuni za Boston hakikutaja jinsia, na kwenye fomu alijiandika K. V. Switzer, kama alivyozoea kusaini. Akapewa 261. Mwanamke mwingine, Bobbi Gibb, alikuwa ameshaikimbia Boston mwaka 1966 bila namba, akitokea kichakani karibu na mstari wa kuanzia. Mwaka 1967 Gibb alikuwepo tena, na alimaliza mapema kuliko Switzer kwa karibu saa nzima! Lakini hakuwa na namba, kwa hiyo kwenye daftari hakuwepo.

Namba ndiyo iliyoleta kasheshe. Maili chache tu tangu kuanza, msimamizi wa mbio Jock Semple aliruka kutoka kwenye basi, akamkamata Switzer, akitaka kumbandua zile namba huku akimfokea atoke. Mchumba wake, mrusha nyundo mwenye mwili wa kutosha, alimpiga Semple kikumbo akaenda pembeni. Gari la waandishi wa habari lilikuwa papo hapo, picha zikapigwa. Switzer aliendelea, maana aliona akiacha hapo watasema si tuliwaambia. Alimaliza kwa takribani saa 4 na dakika 20. Chama cha riadha cha Marekani kikajibu kwa kupiga marufuku wanawake kushindana pamoja na wanaume.

Watu wengi huishia kwenye picha. Kwangu mimi heshima yake imo zaidi katika miaka iliyofuata, ya vikao na kubisha hodi. Boston iliwafungulia wanawake rasmi mwaka 1972. Wakaanza wanane, wakamaliza wote wanane. Mwaka uliofuata Semple yuleyule alimbusu Switzer hadharani kwenye mstari wa kuanzia, na baadaye wakawa marafiki. Mwaka 1974 Switzer akashinda marathoni ya New York upande wa wanawake. Kisha akaishawishi kampuni ya vipodozi ya Avon igharamie mbio za wanawake nchi mbalimbali, ili wakubwa wa Olimpiki waone kwa macho yao kwamba wakimbiaji wapo. Walikubali mwaka 1981, na mwaka 1984 kule Los Angeles Joan Benoit akashinda marathoni ya kwanza ya wanawake ya Olimpiki kwa saa 2:24:52. Mtanzania Magdalena Shauri, aliyekuwa wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, angemwacha Benoit nyuma kwa zaidi ya dakika sita.

Aprili 2017, miaka 50 baada ya lile vurumai, Switzer alirudi Boston akiwa na miaka 70, kifuani 261 ileile. Alimaliza kwa saa 4:44:31, kama dakika 25 tu zaidi ya alipokuwa binti. Waandaaji wakatangaza kuistaafisha namba hiyo, kama Napoli walivyoistaafisha jezi namba 10 ya Maradona. Ndiyo maana wanawake huiandika mkononi: kifuani hawapewi.

Mpwa alikaa kimya kidogo, akifuta mchanga miguuni.

"Wameistaafisha Boston tu, Mjomba?"

"Boston tu."

"Basi hapa Mtwara naichukua mimi," akasema, akaenda kuomba kalamu ya wino mzito kwa muuza vocha.