Je, wajua makinda wa ndege wa kufugwa hutambuliwaje wangali uchi?

Ukichungulia kiota cha kasuku wadogo wa Australia waitwao bajerigari siku mayai yanapoanza kutotolewa, utakuta viumbe vya rangi ya waridi, kila kimoja kikiwa na uzito wa gramu 2 hivi, macho yamefumba na mwili hauna unyoya. Nani dume na nani jike haijulikani, wala hakuna dalili kwamba mmoja atakuwa wa kijani na mwenzake wa buluu. Sababu ni kwamba bajerigari, sawa na kokatieli na cherero, ambao nao ni wa jamii ya kasuku, na kanari na finchi, ndege wadogo wala mbegu, hutoka katika yai kabla mwili haujakamilika, tofauti na kifaranga wa kuku ambaye huanza kutembea siku ileile akiwa tayari na manyoya laini. Alama nyingi zinazomtambulisha ndege mzima zimo katika manyoya, na manyoya yenyewe bado hayajaota. Kwa hiyo mfugaji hutafuta rangi pale ambapo imewahi kujitokeza.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni macho. Ingawa yamefumba, kope za kinda ni nyembamba kiasi kwamba jicho lenye melanini, ile rangi nyeusi ya mwilini, huonekana kama doa jeusi chini ya ngozi. Kinda wa aina ya lutino, ambaye atakuwa wa manjano akikua, hana melanini hiyo, na jicho lake huonekana jekundu. Kati ya hao wawili yupo kinda wa rangi ya mdalasini: jicho lake huwa la zambarau iliyoiva kwa siku chache za mwanzo, kisha hukoza hadi likafanana na la kawaida. Asiyechungulia kiota mapema hupitwa na dalili hiyo.

Jicho jekundu laweza hata kutaja jinsia, na hapa ndipo ninapoona elimu ya urithi inamfaa mfugaji kuliko mahali pengine popote. Kwa ndege, dume ana kromosomu (nyuzi za seli zinazobeba urithi) mbili za Z, ilhali jike ana Z moja na W moja, kinyume cha mpangilio wa binadamu, ambapo mwanamume ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana. Jeni ya lutino ya bajerigari na kokatieli imo katika Z, na haijitokezi iwapo kuna Z nyingine ya kawaida ya kuifunika. Dume wa lutino akipandishwa na jike wa kawaida, kila binti hupokea Z ya baba peke yake na kuwa lutino, huku kila mwana wa kiume akipata Z ya kawaida kutoka kwa mama na kuonekana wa kawaida, ingawa anaibeba jeni hiyo kwa siri. Katika kiota hicho, jicho jekundu ni jike na jicho jeusi ni dume. Kanuni hii haigeuzwi: jike wa lutino akipandishwa na dume wa kawaida asiyebeba jeni hiyo, macho ya makinda wote huwa meusi. Wapo wanaodai kutambua jinsia ya makinda wachanga kwa ukubwa wa kichwa au kwa ukali wao. Dai hilo halina msingi wa kutegemewa.

Kwa ndege wanaototolewa wakiwa na malaika, yaani vile vinyoya vyembamba vya mwanzo, rangi ya malaika husaidia pia. Kokatieli wa kawaida huzaliwa na malaika ya manjano, lakini yule wa uso mweupe, asiyeweza kutengeneza rangi ya manjano, huwa na malaika nyeupe. Cherero wa uso wa waridi huwa na malaika ya rangi ya chungwa, na wale wa jamii ya buluu huwa nayo nyeupe.

Finchi hutambuliwa kwa kinywa. Finchi-milia huwa na madoa meusi ndani ya kinywa, ilhali finchi wa Gould ana vinundu vya buluu kwenye pembe za mdomo, ambavyo huakisi mwanga hafifu wa kiotani. Kanari hana madoa wala vinundu hivyo.

Kumtofautisha kinda mmoja na ndugu yake ni jambo jingine. Jike wa bajerigari hutaga yai moja takriban kila siku mbili na huanza kuatamia mapema, hivyo katika kiota cha mayai 6 kinda wa kwanza aweza kumzidi wa mwisho kwa siku 10 hivi, na ukubwa peke yake hutosha kuwapanga. Wanaolingana hutiwa alama ya rangi ya chakula, ambayo hufifia na huhitaji kurudiwa. Kati ya siku ya 5 na ya 10 hivi mguu huvishwa pete isiyo na mwanya, yenye mwaka na namba. Baadaye mguu hunenepa na pete haivuki tena.

Pale ambapo macho hayasemi lolote kuhusu jinsia, kipimo cha DNA ndicho jibu, kwani maabara hutafuta kama kromosomu ya W ipo au haipo. Kinda aliyetotolewa leo hana unyoya wa kung'oa, lakini utando uliobaki ndani ya ganda lake huwa na mishipa ya damu iliyokauka, nao unatosha kwa sampuli. Sharti ni kujua ganda ni la nani. Makinda wawili wakitoka usiku mmoja na maganda yakachanganyika, sampuli hiyo haifai, na mfugaji hungoja mpaka pete zivishwe na manyoya yaote ndipo achukue nyingine.