Utupa, mitokondria na alama zinazobaki kwenye jeni

Kwenye mito ya huku kwetu Tanga, mmea wa utupa ni sumu ya samaki inayojulikana tangu zamani, na kuvua kwa sumu ni kosa kisheria. Majani hutwangwa, maji yakakorogwa, na si muda samaki wanaelea. Watu husema wamelewa. Kumbe wanakosa hewa ndani ya maji yenye hewa tele: oksijeni wanaivuta, ila seli zao haziwezi kuitumia.

Utupa una rotenoni na ndugu zake, akiwemo degwelini. Sumu hizi huingia kwenye mitokondria, jiko la seli, na kuziba mlango wa kwanza wa mnyororo wa kupitisha elektroni, yaani kompleksi ya kwanza. Elektroni zikikwama hapo, nyingine huvuja, hushikana na oksijeni, na kuzaa oksijeni kali inayounguza mafuta na protini. ATP, yaani nguvu ya seli, hupungua.

Aliyekula samaki wa utupa hapati dozi kubwa, maana tumbo hufyonza kidogo na ini huivunja. Tatizo ni kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa panya rotenoni mshipani, miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo kwa siku, kwa wiki kadhaa. Baadhi walikakamaa na kuzorota mwendo mithili ya wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokakamaza mwili, na nyuroni zao, yaani seli za neva, zikapata vifundo vya protini iitwayo alfa-sinuklini. Baadhi tu, nasisitiza. Mwaka 2011, utafiti mwingine wa hukohuko uliwakuta wakulima waliowahi kutumia rotenoni wakiwa na Parkinson takriban mara 2.5 ya wasioitumia. Paraquat, dawa ya kuua magugu, ilitoa uwiano kama huo, ingawa yenyewe hufanya kazi tofauti: hupokea elektroni na kuzitupia oksijeni, ikarudia tena na tena.

Sumu ilienea mwili mzima, mbona nyuroni za dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, ndizo zilizoumia zaidi? Nyuzi zake zina matawi mengi mno, hupiga mdundo bila kupumzika huku zikiingiza kalsiamu inayogharimu nguvu kuitoa, na dopamini yenyewe huchacha ikikutana na oksijeni kali. Hazina akiba.

Sasa tuje kwenye kiini cha seli. DNA ya mitokondria, ile tunayorithi kwa mama, ina jeni 37 tu. Kati ya vipande 45 hivi vya kompleksi ya kwanza, inatengeneza 7. Vingine vyote huagizwa kutoka kiini, na kiini huamua jeni ipi isomwe kwa kuweka alama ndogo za kikemia: methili kwenye DNA, na asetili kwenye histoni, protini ambazo DNA huzungushiwa. Hiyo ndiyo epijenetiki. Wino wa alama hizo nao hutegemea jiko lilelile. Asetili hutokana na sitreti inayotoka mitokondria. Vimeng'enya vya TET, vinavyoanza kuondoa methili, vinahitaji alfa-ketoglutareti, zao jingine la mitokondria. Sirtuini, zinazofuta asetili, hula NAD+, molekuli ambayo ikibeba elektroni huitwa NADH, na kompleksi ya kwanza ikizibwa NADH hairudi kuwa NAD+, basi sirtuini hulegea.

Rotenoni ni mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo. Alama ndizo huweza kubaki. Katika ubongo wa waliofariki na Parkinson imeonekana methili imezidi kwenye jeni ya PGC-1α, inayoamuru mitokondria mpya zitengenezwe. Kwa mtazamo wangu hapa ndipo mduara unapofungika: jiko bovu huandika amri ya kutojenga majiko mengine. Lakini ubongo wa marehemu hauonyeshi kipi kilitangulia, na kwenye jeni ya alfa-sinuklini majibu ya tafiti yamepingana.

Sehemu ya ubishi huo inatoka maabara. Ukisaga kipande cha ubongo chote, umechanganya nyuroni na seli za glia, zile zinazozihudumia nyuroni. Kwa mgonjwa nyuroni zimekufa, glia zimezidi, na kila aina ya seli ina methili yake, kwa hiyo "mabadiliko" uliyopima huenda ni hesabu ya seli tu. Tenganisha viini kwanza kwa NeuN, protini inayotambulisha viini vya nyuroni, kisha pima. Tena, bisulfaiti, kemikali ya kupimia methili, haitofautishi methili na hidroksimethili, yaani methili iliyoanza kubadilishwa na TET, na ubongo una hidroksimethili nyingi kuliko viungo vingi. Damu ni rahisi kuchukua, ila methili ya damu ni ya seli za damu. Anayekuuzia kipimo cha damu cha "epijenetiki ya ubongo", mwulize alipata wapi nyuroni.

Kwa anayetumia utupa shambani au kuua kupe: unga mkavu ndio wa kuogopa zaidi, kwa kuwa ukivutwa puani sumu huingia damuni bila kupita kwanza kwenye ini. Twanga majani yakiwa mabichi au yaliyoloweshwa, ziba pua na mdomo, simama upande unakotoka upepo, na maji ya kuoshea kinu yasirudi mtoni.