Kwa nini bondia mstaafu huanza kuburuta miguu?

Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa New Jersey, Marekani, aliandika kuhusu mabondia waliopepesuka kama walevi ilhali hawajanywa. Mashabiki walikwisha kuwazoea. Yeye ndiye aliyesema tatizo limo kwenye ubongo.

Wengi hulaumu ile ngumi moja iliyomwangusha bondia. Hatari kubwa zaidi ni ngumi ndogondogo zisizomwangusha. Ubongo ni laini, nao huelea kwenye majimaji ndani ya fuvu. Ngumi ya pembeni ikizungusha kichwa ghafla, fuvu hutangulia, ubongo huchelewa, na nyuzi ndefu za neva huvutika. Mambo hayo yakijirudia mara maelfu, hasa mazoezini ambako hakuna refa wala anayehesabu, protini iitwayo tau, inayoshikilia umbo la nyuzi hizo, hubanduka na kujikusanya mafundo mafundo kandokando ya mishipa midogo ya damu. Pole pole seli hufa, na dalili huweza kujitokeza miaka mingi baada ya glovu kutundikwa.

Mbona miguu nayo? Mwaka 1973 mtafiti wa ubongo Corsellis na wenzake, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa ubongo wa mabondia 15 waliofariki. Sehemu ndogo nyeusi iliyo chini ya ubongo ilikuwa imepauka. Seli za hapo hutengeneza dopamini, kemikali inayorahisisha mwendo. Zikipungua, hatua hufupika na mikono hutetemeka, kama ilivyo kwa mgonjwa wa Parkinson. Sehemu ya kisogoni inayotunza mizani ya mwili nayo ilikuwa imeumia.

Wachezaji wa soka pia wamo. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion aliyesifika kwa vichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, na uchunguzi rasmi ukahusisha kifo chake na kupiga mpira kwa kichwa. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow walionyesha kwamba wanasoka wa kulipwa wa zamani wa Scotland walikufa kwa magonjwa ya kuchakaa kwa ubongo mara tatu na nusu kuliko watu wengine.

Ugonjwa huu wa mafundo ya tau bado huthibitishwa baada ya kifo tu. Kofia ya mazoezi nayo hupunguza michubuko, lakini haizuii ubongo kuzunguka. Kinachobaki mikononi mwa kocha ni kupunguza siku za vijana wake kutwangana kichwani mazoezini, na nyingine wapige mifuko.