Uchovu wa Mkristo: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Mkristo wa kwetu akisema amechoka, mara nyingi huombewa kabla hajaulizwa usiku amelala saa ngapi. Kuna maneno kuhusu uchovu yanayorudiwa makanisani mpaka yanadhaniwa kuwa Maandiko. Mengine ukiyasogeza karibu na Biblia hayasimami.

Dhana: Mwenye imani hachoki.

Andiko linalotumika hapa ni Isaya 40:31, lile la mbawa kama tai. Mstari unaolitangulia hausomwi sana: "Hata vijana watazimia na kuchoka, na wanaume vijana wataanguka." Na kabla ya huo imeandikwa kwamba Mungu huwapa nguvu wazimiao. Ahadi ile imeandikiwa watu ambao tayari wako hoi. Yesu mwenyewe alichoka na safari akaketi kando ya kisima cha Yakobo (Yohana 4:6), na mashua ikipigwa na dhoruba yeye alikuwa nyuma amelala juu ya mto. Sijasikia mtu akimwambia Bwana imani yake ni haba.

Dhana: Kuchoka moyo ni pepo, na dawa yake ni kufunga na mkesha.

Someni 1 Wafalme 19 polepole. Eliya ametoka kwenye ushindi wa mlima Karmeli. Malkia Yezebeli anaapa kumuua. Nabii anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake hapo, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Kisha analala.

Angekuwa wa kanisa fulani fulani, angeitiwa kikosi cha maombi. Mungu anamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Hakemewi, wala hapewi somo. Anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili: "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Baada ya hapo anatembea siku arobaini mpaka mlima Horebu, na huko ndiko anaulizwa, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Chakula na usingizi vilitangulia, maswali yakafuata. Anapotumwa tena, anapewa pia Elisha, wa kumpaka mafuta. Yule aliyelia kwamba amesalia peke yake anapata mwenzake kazini.

Kufunga kuna mahali pake, sipingi. Ila kumfungisha mtu asiyekula vizuri na asiyelala ni kumwongezea jangwa. Tena uchovu unaodumu wiki baada ya wiki hata ukilala unaweza kutokana na upungufu wa damu, tezi ya shingo, kisukari au sonona. Kupima damu hakupingani na maombi. Na mtu akisema maneno kama ya Eliya, kwamba anatamani kufa, asiachwe peke yake: akae na mtu, apelekwe hospitali, na anayetaka kumwombea amwombee wakiwa njiani.

Dhana: Kazi ya Mungu haichoshi, kwa hiyo usikatae huduma.

Katika sharika nyingi, anayeimba kwaya ndiye anayefundisha watoto, ndiye mhasibu wa kamati ya ujenzi, na wiki ijayo jumuiya inakutana kwake. Akikosa mara moja, anaambiwa amepoa. Musa naye aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, mpaka mkwewe Yethro akamwambia waziwazi kwamba atajichosha yeye na watu wake, maana jambo lile hawezi kulifanya peke yake (Kutoka 18). Suluhisho lilikuwa la utawala kabisa: weka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Lilitoka kwa mkwe, kuhani wa Midiani, na Musa akalipokea bila kudai kwamba hakuoneshwa katika maono. Nao mitume waliporudi kutoka huduma, wakiwa hata hawana nafasi ya kula, Yesu aliwaambia: "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo" (Marko 6:31). Makutano waliwakuta hukohuko, ni kweli. Lakini agizo lilikuwa limetolewa.

Dhana: "Nitawapumzisha" maana yake ni kuondolewa shida.

Mathayo 11:28 hunukuliwa, kisha mstari wa 29 unaachwa, kwa sababu ndani yake mna nira. Aliyeona ng'ombe wakilima kwa plau anajua kwamba anayefungwa nira anakwenda kazini. Basi pumziko hili ni la namna gani?

Endelea kusoma. Mgawanyo wa sura uliingizwa katika Biblia karne ya 13, na hapa unatukatia habari katikati. Kinachofuata mara moja ni wanafunzi wenye njaa wakivunja masuke siku ya sabato, na Mafarisayo wakiwashtaki. Sura ya 23 Yesu anawasema walimu wanaofunga mizigo mizito na kuwatwika watu, wao wenyewe wasitake kuigusa kwa kidole. Petro naye, katika Matendo 15:10, analiita sharti la namna hiyo kongwa ambalo hata baba zao hawakuweza kulichukua. Mzigo unaotajwa, basi, una sehemu kubwa ya dini yenyewe: kuhangaika ili ukubalike kwa Mungu, kuhesabu maombi, kuhofu kwamba ukilegea kidogo utakataliwa. Huo ndio anaoutua. Kodi ya nyumba bado italipwa, na mgonjwa atauguzwa, lakini hufanyi hayo tena ili kununua upendo ambao umekwisha kupewa.

Dhana: Pumziko ni mbinguni.

La mwisho, ndiyo. Lakini Zaburi 127:2 inasema Mungu humpa mpenzi wake usingizi, nao ni usingizi wa usiku huu.

Dhana: Siku ya Bwana ni ya mimi kupumzika.

Tumebishana sana kama ni Jumamosi au Jumapili, tukaruka Kumbukumbu la Torati 5:14-15, ambapo mtumwa na mjakazi wanatakiwa wapumzike sawasawa na bwana wao, kwa sababu Israeli nao walikuwa watumwa Misri. Wangapi wetu tunarudi ibadani tukiwa tumeburudika, na dada wa kazi yuko jikoni tangu alfajiri akiandalia wageni wa jumuiya? Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi angalau saa 24 za mapumziko mfululizo kila wiki.